Rekodi ya polisi baada ya kifungo: sheria ya Kenya inakusaidia wapi unapotafuta kazi

Mtu akitoka gerezani Kenya, adhabu yake imekwisha lakini hatia bado iko kwenye mafaili. Hakuna sheria nchini inayofuta hatia ya mtu mzima kwa sababu tu miaka imepita na hajakosea tena. Uingereza inayo tangu 1974, na Afrika Kusini mtu anaweza kuomba baadhi ya hatia zifutwe baada ya miaka 10. Kenya ilirithi sheria za Bunge la Uingereza zilizokuwepo hadi tarehe 12 Agosti 1897. Hii ya 1974 ilitungwa Uingereza wakati Kenya tayari ni Jamhuri, kwa hiyo haituhusu, na Bunge letu halijatunga ya kwake. Kwa hiyo yeyote anayekuambia ana njia ya "kusafisha jina DCI", yaani kwenye idara ya upelelezi inayotunza rekodi hizo, kwa ada fulani, ama hajui sheria ama anakuibia. Mara nyingi anakuibia.

Msaada wa kisheria upo, ila umetawanyika: kidogo kwenye Katiba, kidogo kwenye sheria ya mwenendo wa jinai, kidogo kwenye Sheria ya Ajira. Kila kifungu kinafaa rekodi ya aina fulani tu. Ndiyo maana wakili mzuri haanzi na "tutaifutaje rekodi hii?" Anaanza na "imeandikwa nini hasa, na iliingiaje?" Watu wengi waliopoteza kazi kwa sababu ya rekodi hawajawahi kuisoma rekodi yenyewe.

Anza kwa kukiona cheti

Karatasi inayoamua mambo ni cheti cha polisi cha maadili mema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na ada ni Sh1,050 pamoja na gharama ya mtandao huo. Ukishalipa, mfumo unakupa fomu ya C24, ya kuchukulia alama za vidole, na risiti ya malipo. C24 inachapishwa pande zote mbili za karatasi moja. Ukiichapisha kwenye karatasi mbili utarudishwa mlangoni, na saiba nyingi huikosea kwa sababu printa yao inatoa upande mmoja tu. Alama zinachukuliwa Huduma Centre, makao makuu ya DCI Barabara ya Kiambu, au vituo vya polisi vinavyotoa huduma hiyo. Beba kitambulisho halisi na nakala yake.

Alama hukataliwa sana kwa watu wa kazi za mikono. Mtu aliyebeba saruji au kuvunja kokoto vidole vyake vimelika, na wino unatoka kama doa. Siku chache kabla ya kwenda, paka mikono mafuta usiku na uepuke saruji, dawa za kufulia na pilipili. Ukifika, osha na ukaushe kabisa. Jasho huharibu alama kuliko uchafu. Alama zikikataliwa utaitwa upya, na hapo unapoteza wiki huku mwajiri akisubiri.

Kuna kikwazo kinachotangulia yote haya. Wengi hutoka gerezani bila kitambulisho: kilipotea siku ya kukamatwa, au kilibaki kituoni kama kielelezo. Bila kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, eCitizen haifunguki, na bila eCitizen hakuna cheti. Vitu unavyoingia navyo gerezani huandikwa kwenye rejesta na unapaswa kurudishiwa siku ya kutoka, kwa hiyo dai kitambulisho pale pale langoni. Kama kilizuiliwa kwa ajili ya kesi, dai lako linakwenda kwenye masjala ya korti au kwa afisa aliyechunguza kesi, na gereza haliwezi kukusaidia. Afisa wa probesheni wa eneo lako anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha kwa msajili wa watu au kwa chifu. Idara ya probesheni ina kitengo cha kuwafuatilia waliomaliza vifungo. Hiyo ni kazi yao, wala si fadhila.

Omba cheti kabla hujatuma maombi ya kazi yoyote. Lengo ni ukisome wewe kwanza.

Kesi kuisha si jambo moja

Kwa mtu wa kawaida kesi "iliisha". Kwa sheria, kuna namna nyingi za kesi kuisha, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama una hatia au huna.

Tuanze na kuondolewa kwa mashtaka. Upande wa mashtaka ukiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kabla hujatakiwa kujitetea, unaachiliwa, lakini unaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Wakiiondoa baada ya wewe kutakiwa kujitetea, 87(b), hiyo ni kuachiwa huru kabisa. Mlalamishi mwenyewe akiondoa malalamiko na hakimu akaridhika, kifungu cha 204, ni kuachiwa huru vilevile. Kifungu cha 210 kinahusu kesi iliyoanguka kwa sababu ushahidi wa mashtaka haukufikia kiwango cha kukufanya ujitetee, na 215 ni uamuzi wa mwisho wa kuwa huna hatia. Matokeo hayo yote yana jambo moja: hakuna hatia. Mtu wa 87(a) naye hana hatia, ingawa mlango wa kushtakiwa tena haujafungwa.

Upande wa pili kuna watu wanaodhani hawana hatia kwa kuwa hawakulala gerezani. Faini ni adhabu, na adhabu hufuata hatia. Amri ya kufanya kazi ya jamii, ile ya kufyeka nyasi kwa chifu au kufagia hospitali, nayo hutolewa kwa mtu aliyetiwa hatiani. Hata kuachiliwa bila adhabu au kwa sharti la kutokosea tena ndani ya miezi isiyozidi 12, kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, huja baada ya mahakama kukukuta na hatia.

Probesheni ndiyo yenye utata, na hapo ndipo nakala ya amri ya korti inapolipa. Sheria yake inairuhusu mahakama ya chini ikiona kosa limethibitishwa kukuweka chini ya uangalizi kwa miezi 6 hadi miaka 3 ama baada ya kukutia hatiani, ama bila kufikia hatua ya kukutia hatiani. Watu wawili wanaweza kuwa wameripoti kwa afisa yule yule kila mwezi, mmoja ana hatia na mwingine hana. Kwenye cheti wanaweza kuonekana mapacha. Kinachowatenganisha ni mstari mmoja wa mwandiko wa hakimu kwenye faili.

Na kama kosa lilitendeka ukiwa mtoto, Sheria ya Watoto ya 2022 hairuhusu hata maneno "hatia" na "adhabu" kutumika juu yako. Kesi ya utotoni ikijitokeza kwenye cheti cha mtu mzima kama hatia ya kawaida, hilo ni la kupigania.

Cheti kinapokosea

Alama za vidole za mshtakiwa hupelekwa kwenye kumbukumbu za DCI mapema, kesi inapoanza. Matokeo ya kesi yanapaswa kufuata baadaye, na mara nyingi hayafuati. Faili linakwama kortini, afisa aliyechunguza amehamishwa kwenda Lodwar au Kwale, na kwenye kumbukumbu kesi inabaki kama inaendelea hata miaka saba baada ya kuachiwa huru. Mwajiri akiona "kesi inaendelea kortini" hasomi zaidi.

Dawa yake iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya 35(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha zinazomwathiri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaipa haki hiyo meno kwa habari binafsi.

Utaratibu ni huu. Nenda kwenye masjala ya korti iliyosikiliza kesi na nambari ya kesi. Kama huna nambari, nenda na tarehe ya kukamatwa, kituo cha polisi na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo hicho. Omba nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi au ya amri iliyomaliza kesi. Muhuri na sahihi ni lazima, kwa sababu fotokopi tupu haina nguvu mbele ya afisa wa kumbukumbu. Hakikisha amri inataja kifungu cha sheria kilichotumika. "Kesi imeondolewa" bila kifungu ni mwanzo wa ubishi mpya. Kisha andika barua kwa DCI, ambatisha nakala hiyo, kitambulisho na cheti chenye kosa, ueleze mstari upi si sahihi na usomekeje. Peleka nakala mbili na ugongewe muhuri wa kupokea kwenye ile unayobaki nayo. Bila muhuri huo huna siku ya kuanza kuhesabu.

Wakinyamaza, usirukie kortini. Malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi wanaiita Ofisi ya Ombudsman, hayalipiwi. Kama shida ni kwamba hupewi hata habari iliyohifadhiwa juu yako, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Kamishna wa Data naye hupokea malalamiko bila ada na sheria inamtaka ayamalize ndani ya siku 90. Mahakama Kuu ni ya mwisho, na ukifika huko ukiwa na barua iliyogongwa muhuri na malalamiko yasiyojibiwa, kesi yako inakuwa imejengeka nusu.

Kama hatia ni ya kweli

Hapa njia zinapungua, na wakili anayekuheshimu atakuambia hivyo mapema.

Rufaa kutoka mahakama ya hakimu inatakiwa kukatwa ndani ya siku 14. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda ukiwa na sababu nzuri, na kuchelewa kupewa nakala ya mwenendo wa kesi ni mojawapo ya sababu zinazosikilizwa. "Sikujua sheria" pekee huwa haitoshi.

Kundi linaloumia zaidi ni la waliokiri. Mchuuzi anakamatwa Ijumaa jioni, analala ndani, Jumatatu anasomewa mashtaka pamoja na wenzake 20, anajibu "ni kweli", anapigwa faini, anachangiwa na jamaa, anarudi sokoni mchana huo. Kwake hilo lilikuwa suala la pesa, na hakuna aliyemwambia ametiwa hatiani. Kama alama za vidole zilichukuliwa na matokeo yakatumwa, atakutana na Jumatatu hiyo tena siku anayoomba kazi ya udereva. Na kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamzuia aliyekiri kukata rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu.

Kizuizi hicho kina mwanya. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, kukiri kunakubalika tu kama hatua zote zilifuatwa: shtaka na kila sehemu yake lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake kadiri inavyowezekana, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuyaeleza kabla ya kutiwa hatiani. Akisema lolote linalopinga kosa, hakimu anapaswa kubadili jibu liwe la kukana. Kwa hiyo ukipata mwenendo wa kesi, tafuta mambo matatu: lugha iliyotumika, jibu lako liliandikwaje, na kama maelezo ya mwendesha mashtaka yameandikwa kweli au kuna "facts as per charge sheet" tu, yaani mambo ni kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka. Kukiri kwa Kiswahili kwa mtu aliyeelewa Kiturkana peke yake kunaweza kuwa chanzo cha rufaa. Pamoja na rufaa kuna mapitio: Mahakama Kuu inaweza kuita faili la mahakama ya chini na kulichunguza uhalali wake. Ombi hilo ni jepesi zaidi kuliandaa, ila halitumiki kama mbadala wa rufaa uliyopaswa kukata.

Njia nyingine ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133. Watu wanaichanganya na punguzo la theluthi moja la kifungo ambalo wafungwa wengi hupata gerezani kwa mwenendo mzuri. Punguzo hilo linakutoa mapema. Haligusi hatia hata kidogo. Msamaha wa Ibara ya 133 hutolewa na Rais kwa ushauri wa kamati anayokaa Mwanasheria Mkuu, na Katiba inasema unaweza kutolewa kwa "mtu aliyetiwa hatiani", haisemi lazima awe bado ndani. Kwa kawaida kamati inashughulika na walio gerezani, kwa hiyo aliye nje ajiandae kujaza pengo la ripoti za gereza kwa karatasi zake: barua ya afisa wa probesheni, ya chifu, ya mtu aliyemfanyia kazi tangu atoke, vyeti vya ufundi, na kama inawezekana, maelezo juu ya aliyekosewa, kwa sababu kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Ombi halilipiwi. Usimpe mtu pesa ya "kulisukuma".

Mwajiri anaruhusiwa kufanya nini

Waajiri wengi wa Kenya hudai cheti cha maadili mema kwenye tangazo la kazi lenyewe, wengine pamoja na vyeti vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (kupambana na ufisadi) na mashirika ya mikopo, ule mzigo unaoitwa vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yaliligusa hili: mwajiri anaweza kudai vyeti hivyo baada ya kukupa ofa ya kazi, na akishaviona asiporidhika anaweza kuiondoa ofa. Hailazimishi mtu kukuajiri. Faida yake ni kwamba umesailiwa kwa ujuzi wako kwanza, na kinachokukosesha kazi, kama ni rekodi, kinajulikana. Matangazo yanayokiuka jambo hili bado yamejaa magazetini.

Je, kukataliwa kwa sababu ya rekodi ni ubaguzi? Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inaorodhesha misingi ya ubaguzi: kabila, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na mingineyo. Rekodi ya jinai haimo. Ibara ya 27 ya Katiba orodha yake haijafungwa, kwa kuwa inatumia neno "pamoja na", kwa hiyo hoja inaweza kujengwa, hasa kosa likiwa la zamani na halihusiani kabisa na kazi. Lakini ni hoja ya kujengwa, si haki iliyoandikwa. Usiache kazi nyingine ukisubiri ushindi wa kesi kama hiyo.

Kwenye fomu na usaili, soma swali neno kwa neno. "Umewahi kutiwa hatiani?" si sawa na "Umewahi kushtakiwa?" wala "Umewahi kukamatwa?" Aliyeachiwa huru anajibu la kwanza "hapana" na amesema kweli tupu. Aliyetiwa hatiani ajibu "ndiyo" kwa sentensi mbili: kosa gani, mwaka gani, adhabu ilikwisha lini, na tangu hapo amefanya nini. Kudanganya kunageuza tatizo la zamani kuwa jipya, kwa sababu mwajiri akigundua baadaye ana sababu ya kukufukuza isiyohusu rekodi bali uongo. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai linaloweza kukurudisha gerezani, na DCI wana njia ya kuhakiki vyeti vyao.

Mwajiri aliyepata habari za rekodi yako naye anabanwa. Kuzisambaza kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi au kumpigia simu mwajiri mwingine "amtahadharishe" ni matumizi ya data yasiyo na ruhusa, na ni malalamiko halali kwa Kamishna wa Data. Piga picha ya ujumbe ukiwa na jina la kundi, tarehe na saa.

Kazi zilizofungwa kwa sheria

Baadhi ya milango imefungwa na sheria yenyewe, na kuigonga ni kupoteza nauli. Aliyetiwa hatiani kwa ufisadi au uhalifu wa kiuchumi hawezi kuchaguliwa wala kuteuliwa kuwa afisa wa umma kwa miaka 10 tangu kutiwa hatiani. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la ngono akiomba kazi ya kuwatunza au kuwasimamia watoto au watu wengine wasiojiweza, analazimika kusema. Asiposema anatenda kosa jingine. Beji ya dereva au utingo wa matatu inahitaji cheti cha polisi, na ukaguzi wa walinzi wa kampuni binafsi ni mkali. Wakala wa kazi za Ghuba nao watakidai, na hapo uamuzi si wa Kenya peke yake: nchi unayokwenda ina masharti yake, na msamaha au maelezo yaliyokubaliwa Nairobi huenda yasisaidie Riyadh au Doha. Kama wakala anakuambia rekodi "itashughulikiwa" ukilipa kidogo, achana naye.

La kushangaza kidogo: Ibara ya 99 inamzuia kugombea ubunge mtu anayetumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi wakati wa kujiandikisha au wa uchaguzi, na hata huyo hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Aliyekwisha kukitumikia hakamatwi na kipengele hicho. Anaweza kuomba kura za kutunga sheria za nchi ilhali kampuni ya ulinzi inamkataa kulinda geti.

Kujiajiri kuna vikwazo vichache zaidi. Kibali cha biashara cha kaunti hakidai cheti cha polisi. Mafundi waliofanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, gerezani, wa useremala, ushonaji, uchomeleaji na kadhalika, wahakikishe wanatoka na cheti au nambari yao ya mtihani. Ni cheti cha NITA chenye nguvu sawa popote, na kukifuatilia ukiwa nje bila nambari ni kazi ya miezi.

Kazi uliyoiacha siku ya kukamatwa

Hili husahaulika. Sheria ya Ajira inaruhusu kufukuzwa papo hapo kwa mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa linaloweza kumfunga kama hakuachiliwa kwa dhamana au vinginevyo ndani ya siku 14. Hata hivyo, kufukuzwa hakumpi mwajiri ruhusa ya kubaki na jasho lako. Mshahara wa siku ulizofanya kazi na pesa nyingine ulizokuwa umeshazichuma hadi siku ya kufukuzwa ni zako.

Pia unadai cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51. Kinataja mwajiri, jina lako, kazi uliyofanya, mahali, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Sheria haikidai kitaje sababu ya kuacha. Kwa mtu ambaye kwenye wasifu wake kuna pengo la miaka minne, karatasi inayothibitisha kwamba kabla ya pengo alikuwa dereva wa lori kwa miaka sita ina thamani kubwa kuliko barua tatu za kumsifu. Mwajiri anayekataa kuitoa anatenda kosa.

Na ukipata kazi mpya, halafu rekodi ikaibuka na ukaambiwa uondoke leo, mwajiri bado anatakiwa kukueleza sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua, na kusikiliza utetezi wako. Ukifutwa bila hayo, mahakama inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Malalamiko kwa afisa wa leba wa kaunti yapelekwe ndani ya miezi 3. Kesi mahakamani ina miaka 3, na kama mshahara wako wa mwezi haukuzidi Sh80,000, inasikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, huna haja ya kusafiri hadi Mahakama ya Ajira. Unaweza kujiwakilisha.

Wa kumwendea, na cha kubeba

Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya wasioweza kumlipa wakili. Inagusa kesi za jinai, za madai na za kikatiba, kwa hiyo kurekebisha rekodi na kudai haki za ajira vyote vinaingia. Madai ya kuchafuliwa jina hayamo, hivyo jirani anayekuita mwizi si wao wa kumshughulikia. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, kimefundisha wafungwa na askari jela kuwa wasaidizi wa kisheria ndani ya magereza kama Kamiti na Lang'ata la wanawake. Aliye bado ndani aanzie kwao, kwa kuwa kutafuta nakala za mwenendo ukiwa ndani ni rahisi kuliko ukishatoka. FIDA, chama cha mawakili wanawake, inasaidia wanawake. Clean Start inashughulika hasa na wanawake waliotoka gerezani na kurudi kwao kwenye maisha ya kazi.

Wakili wa msaada ana watu 30 kwenye benchi nje ya mlango wake. Ukimletea bahasha yenye cheti cha polisi cha sasa, hati ya mashtaka, amri iliyomaliza kesi ikiwa na muhuri, karatasi ya kuachiliwa kutoka gerezani, barua ya ofa au ya kukataliwa, na karatasi moja uliyoandika tarehe zote kwa mpangilio kuanzia kukamatwa, ataweza kukuambia siku hiyo hiyo kama una la kufuata. Ukija mikono mitupu, atakutuma masjala, na utarudi kwenye benchi wiki ijayo. Nakala zote ziache kwake, asili ubaki nazo wewe.